Faili Moja, Makadhi Wawili

Alasiri moja kijana tunayefanya kazi naye, hodari wa mikono lakini mwepesi wa kukata tamaa, aliniita mezani kwake nishuhudie jambo ambalo kwa rai yake lilikuwa ama ni uchawi ama ni dalili kwamba kompyuta yake imeishiwa na siku. "Shikamoo, mzee," akasema bila kuyaondoa macho kwenye kioo, "hebu tazama mwenyewe." Mbele yetu ilikuwapo faili ya JavaScript isiyozidi mistari hamsini, imeandikwa kwa alama za kunukulia zilizo moja moja na pasipo nukta-mkato mwishoni mwa mistari, kama ilivyo kaida ya afisi ile. Akabonyeza Ctrl na S kuihifadhi, na papo hapo alama zote zikawa mbili mbili, nukta-mkato zikaota mwishoni mwa kila tamko, na chini ya mistari ukatambaa uzi mwekundu wa mawimbi, ishara ya kosa, tangu juu hata chini. Akamwamuru mkaguzi wa msimbo asahihishe makosa yote. Alama zikarudi kuwa moja moja, nukta-mkato zikapukutika, wekundu ukatoweka. Akahifadhi tena, na yote yakarejea. Alikwisha kuipita njia hiyo zaidi ya mara kumi, na kila mara akitumaini kwamba itamfikisha pengine.

"Marahaba," nikamjibu. "Kompyuta yako nzima, wala hukurogwa. Faili yako ina makadhi wawili, kila mmoja anafuta hukumu ya mwenzake."

Mafundi wenyewe huiita kazi hii kufomati, na wataalamu wa istilahi wametupa neno uumbizaji. Mimi katika safu hii nitasema kupanga msimbo, na chombo chenyewe nitakiita kipangaji, kwa kuwa ndivyo kifanyavyo. Nimekaa na vihariri vya msimbo miaka ya kutosha kunipa ujasiri wa kutamka kwamba kipangaji kinachodhaniwa kuwa kigonjwa aghalabu hakina ugonjwa wowote. Penye maradhi ni kwenye mamlaka, kwa kuwa ama hakuna aliyekipa amri, ama waliokiamuru ni wengi na hawakubaliani. Na mtu anayekimbilia kukiondoa na kukiweka upya, kama wafanyavyo wengi, huwa anambadilisha mtumishi ilhali ugomvi uko kwa mabwana.

Ili hoja hiyo ieleweke, sharti kwanza tuiondoe dhana iliyozoeleka kwamba kipangaji ni mfano wa chanuo, kinachopita juu ya maandishi na kuyalaza yaliyosimama. Sivyo. Kipangaji cha leo huyabomoa maandishi na kuyajenga upya: huyasoma kwa kanuni za lugha iliyoandikiwa, hutoa humo mti wa sarufi unaoonyesha kila tamko na sehemu zake, huzitupa nafasi na mikato ya mistari uliyoiweka kwa mkono wako, kisha huuandika mti ule tena kuanzia herufi ya kwanza, kikipima kila mara kama kauli itaenea katika upana ulioruhusiwa au haina budi kuvunjwa. Prettier, ambacho James Long alikitoa mwezi wa Januari 2017, kimejengwa juu ya mbinu iliyoelezwa na mwanazuoni Philip Wadler. Na Black, kipangaji cha lugha ya Python kilichoanzishwa na Łukasz Langa mwaka 2018, huongeza ihtiyati, kwani baada ya kuandika hulinganisha mti mpya na ule wa zamani, na miti hiyo ikihitilafiana hukataa kuigusa faili. Upana wa kawaida wa Prettier ni herufi 80, na kwa wapendao nasaba za mambo, hesabu hiyo inatokana na kadi za karatasi zilizotobolewa ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928, kila moja ikiwa na safu 80. Kadi zimesahauliwa zamani, upana wake ungali unatutawala.

Sasa, kipangaji kisichoweza kujenga mti hakiwezi kupanga, nacho kwa adabu yake hunyamaza. Chukua faili yenye mistari hii miwili peke yake:

function jumla(bei, idadi) {
return bei*idadi

Bano la kufungia limesahauliwa. Hifadhi mara mia, hakuna kitakachosogea, wala nafasi pande mbili za alama ya kuzidisha hazitatokea. Bali tia bano lile moja katika mstari wa tatu, uhifadhi, na mara hiyo hiyo mstari wa kati utajisogeza ndani na kukaa kitako. Nilipata kumwona mtu mwenye elimu yake akipoteza asubuhi nzima kukifuta kipangaji na kukirejesha, akiwasha na kuzima kompyuta, kumbe mabano mawili ya mviringo yalikuwa yamebaki wazi katikati ya faili ndefu. Laiti angelifungua dirisha la matokeo chini ya kihariri na kulichagua jina la kipangaji chake katika orodha, angelikuta yameandikwa bayana mstari na safu ambapo msomaji alikwama. Ajabu ni kwamba dirisha hilo liko wazi kwa kila mtu, nalo ndilo mahali pa mwisho watu wanapotazama.

Sababu nyingine za ukimya nitazipitia kwa haraka. Katika Visual Studio Code, kihariri ambacho Microsoft ilikitangaza mwaka 2015 na ambacho ndicho ninachokitolea mifano, kupanga wakati wa kuhifadhi hakufanyiki mpaka mwenye mali aandike editor.formatOnSave kuwa true. Na hata akiandika, akiwa amekiruhusu kihariri kihifadhi chenyewe kila baada ya muda, faili haitapangwa mpaka atakapoihifadhi kwa mkono wake. Jambo lenye hekima, kwani nani angetaka sentensi yake ipangwe ilhali ameshika nusu yake kichwani? Tena pembeni upande wa kulia, chini, huandikwa lugha ambayo kihariri kinaidhania faili. Kikiidhania kuwa ni maandishi matupu, hakuna kipangaji kitakachojitokeza kuidai.

Ukimya, basi, una dawa nyepesi. Kizito ni ugomvi, na hapo ndipo nitakapokaa.

Mipangilio ya kihariri hiki ina tabaka. Chini kabisa yamo yale waliyoyaweka watengenezaji. Juu yake ipo mipangilio ya mtumiaji, inayomfuata mtu katika kila kazi aifanyayo. Na juu yake tena ipo mipangilio ya mradi, iliyomo katika faili ya settings.json ndani ya folda iitwayo .vscode, na kaida iliyo wazi ni kwamba iliyo karibu na mradi huishinda iliyo mbali. Hadi hapo hakuna tashwishi. Walakini iko kaida ya pili, isiyojulikana na wengi, kwamba mpangilio uliofungwa kwa lugha mahususi huushinda ule usioitaja lugha yoyote, hata kama huo wa pili umeandikwa mahali palipo karibu zaidi na mradi. Mtu asiyeijua kaida hii anaweza kuisoma mipangilio ya mradi wake kutwa nzima, akaiona haina kasoro, na bado akashuhudia amri zake zikidharauliwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Mradi wa afisi ulisema, kwa jumla na bila kutaja lugha, kwamba mpangaji wa faili zote awe ESLint, yule mkaguzi wa msimbo, ambaye mbali na ukaguzi huweza pia kupewa kazi ya kupanga. Lakini miezi mingi nyuma, katika kazi yake mwenyewe ya nyumbani, kihariri kiligundua kwamba faili za JavaScript zina vipangaji zaidi ya kimoja, kikamwonyesha pembeni taarifa ya kumtaka achague kimoja. Naye, akitaka taarifa ile imwondokee machoni, akabonyeza Prettier na kusahau. Mbonyezo ule ukaandika katika mipangilio yake ya mtumiaji, chini ya kichwa cha "[javascript]", kwamba editor.defaultFormatter ni Prettier. Lugha imetajwa, amri ya afisi haikuitaja, basi amri ya nyumbani ikaishinda amri ya afisi ndani ya nyumba ya afisi. Na kwa kuwa mradi haukuwa na faili ya .prettierrc ya kumweleza Prettier matakwa yake, mgeni yule akahukumu kwa desturi za kwao, nazo ni alama za kunukulia mbili mbili na nukta-mkato kila mahali, wakati ESLint ameketi mlangoni na kitabu chenye kanuni zilizo kinyume.

Tuliufumbua ugomvi huo kwa amri moja tu. Ukibonyeza F1 ukaandika Format Document With, kihariri hakipangi kitu, bali huleta orodha ya vipangaji vyote vinavyoidai faili iliyo mbele yako, na kando ya kimojawapo huandika kuwa ndicho kilichowekwa rasmi. Kijana alipoliona jina la Prettier limepewa cheo hicho katika mradi ambao hakuna aliyepata kumwalika humo, alicheka kwanza, kisha akakasirika, na nilidhani mpangilio huo ulikuwa sahihi.

Liko pia jambo la nani anamwelekeza Prettier mwenyewe. Watu huandika katika kihariri kwamba wanataka mstari usogee ndani kwa nafasi nne, na faili ikatoka na nafasi mbili, wakanung'unika kwamba hawasikilizwi. Ni kweli hawasikilizwi, na ni kwa makusudi: ikiwa katika mradi imo .prettierrc, kiendelezi cha Prettier huiacha kabisa mipangilio yake iliyoandikwa kwenye kihariri, wala hakichanganyi nusu ya hii na nusu ya ile. Na faili ya .editorconfig nayo husomwa. Wengine huiona kanuni hii ni jeuri. Mimi naiona ni insafu, maana msimbo ni mali ya waandishi wake wote, na haielekei sura yake itegemee kompyuta ya aliyeufungua mwisho.

Nafasi zilizotajwa hapo juu zinanikumbusha alama ya tabu, ambayo kwa bahati ya lugha yetu imepata jina linaloistahili. Kihariri hujaribu kukisia, kila kinapofungua faili, kama mwandishi wake alitumia tabu au nafasi, na kisio hilo, liitwalo editor.detectIndentation, limewashwa tangu mwanzo na huushinda upana uliouchagua mwenyewe. Faili ya zamani yenye mchanganyiko ikikihadaa, utaandika mistari mipya kwa mtindo usiouamuru. Kwingi hilo ni udhia wa macho tu. Katika Makefile ni mauti, kwa kuwa chombo cha make, kilichotungwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, kinadai kila mstari wa amri uanze na tabu halisi, na ukianza na nafasi, hata zikiwa za upana ule ule kabisa kwa jicho, kitakataa kazi na kulalamika kwamba kitenganishi hakipo. Kwa sababu hiyo, mradi wenye akili huandika katika .editorconfig fungu la peke yake kwa ajili ya Makefile, ukisema humo tabu, na usiache jambo hilo kwa kukisiwa.

Kuna hitilafu nyingine isiyoonekana kabisa, na kwa hiyo huleta fadhaa kubwa kuliko zote: mwisho wa mstari. Katika mashine za kale za kupigia simu za maandishi, mstari ulipokwisha zilihitajika harakati mbili, moja ya kulirudisha gari la herufi upande wa kushoto na nyingine ya kuisukuma karatasi juu. Windows ikazirithi zote mbili kama herufi mbili zisizoonekana, mifumo ya ukoo wa Unix ikabaki na ile ya pili tu. Prettier tangu toleo 2.0 la mwaka 2020 hutaka ile moja. Git kwenye Windows, kulingana na ilivyowekwa, huweza kuzitia zote mbili wakati wa kuzileta faili kwenye kompyuta. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyebadilisha neno moja hupeleka badiliko linaloonekana kuwa ameiandika upya faili nzima kuanzia mstari wa kwanza, na msomaji wa badiliko lile, akitafuta neno lenyewe, hulikosa kama aliyetupa sindano ufukweni. Tiba yake ni mstari mmoja katika faili ya .gitattributes:

* text=auto eol=lf

na baada yake badiliko moja la kuzisawazisha faili zote kwa pamoja. Usimtegemee kila mtu aweke Git yake vyema. Nimeyajaribu matumaini hayo.

Na matoleo? Mwezi wa Julai 2023 Prettier 3.0 kilibadilisha desturi yake ya mkato, kikaanza kuuweka hata baada ya hoja ya mwisho ya kazi inapovunjwa katika mistari mingi. Basi wawili wenye matoleo tofauti, kila mmoja akiihifadhi faili ile ile bila kuandika chochote, wataongeza na kuondoa mikato hiyo hadi siku ya kiyama. Kiendelezi hutumia toleo lililomo katika mradi ikiwa limewekwa humo, na lisipokuwamo hutumia lile lake. Kwa hiyo toleo liandikwe katika mradi, na liandikwe kamili, tarakimu zote tatu.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni mapambo, na kwamba mtu mzima hagombani kwa ajili ya nafasi na mikato. Februari 2014 Apple ililazimika kutoa sahihisho la haraka la iOS, toleo 7.0.6, kwa sababu katika msimbo wake unaohakikisha kwamba seva unayoongea nayo ndiyo kweli inayojidai kuwa, mstari wa goto fail uliandikwa mara mbili mfululizo chini ya sharti moja lisilokuwa na mabano. Mstari wa kwanza ulikuwa wa sharti. Wa pili haukuwa wa yeyote, ukatekelezwa daima, na uhakiki uliosalia ukarukwa. Lakini kwa vile ulisogezwa ndani sawasawa na mwenzake, jicho la msomaji liliuhesabu kuwa umo ndani ya sharti lile. Kipangaji kingeuvuta mstari ule hadi usawa wa sharti lenyewe, ukabaki umesimama peke yake kama shahidi aliyesahau ushahidi. Sidai kwamba kingelizuia kosa. Nadai kwamba kingeliondoa pazia. GCC yenyewe, katika toleo la 6 la mwaka 2016, iliongezewa onyo dhidi ya usogezaji wa namna hiyo unaodanganya.

Kwa hiyo swali la afisi ile halikuwa kama msimbo upangwe, bali apange nani. Nilishauri Prettier aachiwe sura yote na ESLint abaki na makosa ya maana, mathalan kigeu kilichotangazwa na kisitumiwe. Nao ESLint wenyewe mwaka 2023 walitangaza kwamba kanuni zao za mpangilio hawataziendeleza tena. Tukaandika .prettierrc yenye mistari michache, alama za kunukulia moja moja na bila nukta-mkato, ili kaida ya afisi isipotee. Tukaongeza eslint-config-prettier, ambayo kazi yake ni kuzizima kanuni za mkaguzi zinazogongana na mpangaji. Tukarekebisha mipangilio ya mradi ili iitaje lugha kwa jina, isishindwe tena na mtu aliyebonyeza kitu nyumbani kwake usiku. Badiliko la kuzipanga faili zote likawa moja, peke yake, halikuchanganywa na kazi nyingine, na namba yake ikaandikwa katika faili ya .git-blame-ignore-revs, kwa kuwa Git tangu toleo 2.23 la mwaka 2019 huweza kuambiwa iruke badiliko kama hilo inapoulizwa kila mstari uliandikwa na nani. Bila hivyo jina langu lingelikuwa juu ya kila kosa la afisi ile lililotangulia kufika kwangu.

Wazee wawili wa kazi, wenye mitindo yao ya miaka, walinuna. Haki yao. Lugha ya Go ilipotolewa hadharani mwaka 2009 ilikuja na kipangaji chake, gofmt, kisichompa mtu nafasi ya kuchagua mtindo, na watu walinuna vivyo hivyo kabla hawajazoea. Nasi wasemao Kiswahili tunaifahamu hali hii kwa damu yetu: kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilipoisimamisha tahajia moja juu ya msingi wa Kiunguja, watu wa Mombasa na Lamu, wenye lahaja zilizobeba tenzi za karne nyingi, walikuwa na hoja nzito za kulalamika.

Baada ya siku mbili kijana akanijia tena. "Mzee, kadhi wetu amekula siku zangu." Alikuwa akitengeneza programu ndogo ya maji kujaa na kupwa kwa ajili ya wavuvi, na urefu wa maji aliuandika katika orodha moja ya tarakimu, nne katika kila mstari, kujaa, kupwa, kujaa, kupwa, mstari mmoja siku moja, kama zinavyopangwa katika majedwali ya bandarini. Prettier, kwa kutojua bahari, alizishindilia tarakimu zote mpaka upana wa herufi 80 ukajaa, siku ya kwanza ikaingia katika ya tatu, na hakuna awezaye kuisoma. Nikamwambia azirudishe kwa Ctrl na Z, kisha juu ya orodha ile, na si pengine, aandike:

// prettier-ignore

Akahifadhi, akasubiri kidogo, akahifadhi tena kwa sauti ya kidole. Tarakimu zikabaki nne nne, kujaa chini ya kujaa, kupwa chini ya kupwa.